Kasumulu, Tunduma au Dar: mgeni anayeishi Nyanda za Juu Kusini asafiri kupitia wapi, na viza aiombe wapi?

Nyanda za Juu Kusini zina wageni wengi waliokuja kwa mkataba wa miaka miwili wakajikuta wamekaa kumi. Kuna madaktari na masista Makete, walimu wa Kenya na Uganda Iringa mjini, wahandisi wa Kichina kwenye barabara kuu, wataalamu wa chai Mufindi na Rungwe, wanunuzi wa parachichi Njombe, Wahindi wenye maduka ya vipuri Mbeya. Likizo ikikaribia, au ukiitishwa mkutano Lusaka, swali wanaloleta kwa sisi tunaowashughulikia karatasi zao ni lile lile: "Nina kibali cha Tanzania. Bado nahitaji viza?"

Kwa wengi jibu ni ndiyo, na linawashangaza. Mtu amelipa ada ya kibali, amepata na kibali cha kazi, analijua soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuliko mji aliozaliwa, kisha anafika Kasumulu na afisa wa Malawi hakitazami hicho kibali hata kidogo. Anatazama pasipoti. Nchi unayokwenda inakupokea kwa uraia wako. Kibali cha ukaazi, kiwe daraja A la wawekezaji, B la waajiriwa au C la wamisionari, watafiti, wanafunzi na wanaojitolea, kinakusaidia kwa mambo mawili: kinakurudisha Tanzania bila viza mpya, na kinakupa haki ya kuomba viza za nchi za mbali ukiwa hapa hapa badala ya kurudi kwenu. Ukiyashika hayo mawili, kuchagua njia kunakuwa rahisi.

Kabla ya kwenda, hakikisha kurudi

Mimi huanza na safari ya kurudi kabla ya kuuliza mtu anakwenda wapi. Kibali cha ukaazi hutolewa kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 2, kisha huhuishwa. Mwenye kibali kilichobakiza miezi minane anatoka na kurudi bila shida. Aliyebakiza wiki tatu, huku maombi ya kuhuisha yakiwa bado kwenye mfumo, asitoke kabla hajakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kuuliza atarudi kwa hati gani. Mtu wa namna hiyo namshauri aiahirishe safari, hata kama tiketi imeshakatwa. Tiketi inaweza kubadilishwa, lakini ukikwama Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mkataba wako wa kazi unaharibika.

Kundi lingine ni wale ambao hawajapata kibali, waliopo kwa viza ya matembezi tu. Hapa pasipoti mbili zinaweza kutofautiana sana. Mmarekani huingia Tanzania kwa viza ya dola 100 inayomruhusu kuingia na kutoka mara nyingi ndani ya mwaka, hivyo anaweza kwenda Karonga, Malawi, akarudi bila kulipa tena viza ya Tanzania. Mjerumani aliyenunua viza ya kawaida ya dola 50, ya kuingia mara moja, viza yake imekwisha pale anapogongewa mhuri wa kutoka. Akirudi ananunua nyingine. Wapo wanaovuka Kasumulu na kurudi siku hiyo hiyo ili kujiongezea siku za kukaa nchini huku wanafanya kazi za kujitolea. Hilo silishauri kwa mtu yeyote. Kazi ya kujitolea ina kibali chake cha daraja C, na afisa anayeona mihuri ya mpaka mmoja imejazana kwenye kurasa ana haki ya kuuliza maswali.

Na kama umebadilisha pasipoti baada ya kupata kibali, tembea na zote mbili, ya zamani na mpya, mpaka Uhamiaji warekebishe namba kwenye kumbukumbu zao.

Kasumulu au Tunduma

Kwa anayekaa Mbeya, mipaka hii miwili iko karibu kwa umbali unaolingana, kama kilomita mia na kitu kila upande. Ukiingia Uyole na kushuka kupitia Tukuyu, katikati ya migomba na chai, unafika joto la Kyela na mto Songwe, ng'ambo yake Malawi. Ukishika barabara ya Mbalizi na Vwawa unafika Tunduma, na ng'ambo ni Nakonde, Zambia.

Mipaka yenyewe haifanani. Tunduma ni lango la mizigo ya Zambia na Kongo, na foleni ya malori ndiyo sura ya mji. Kwa abiria, hata hivyo, kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza mzunguko: maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, ukienda Zambia unamaliza kutoka na kuingia upande wa Nakonde, ukirudi unamalizia upande wetu. Kasumulu kuna utulivu zaidi, ila bodaboda na wabadilisha fedha wanakupokea kabla hujashuka vizuri garini. Nakushauri ubadilishe kiasi kidogo tu cha nauli, na pasipoti asiishike mtu yeyote asiye na sare, hata akisema anakusaidia kupanga foleni.

Sasa viza. Zambia ilifungua milango mwishoni mwa mwaka 2022 kwa watalii wa Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, Japani, Korea Kusini, China na nchi za Ghuba, kwa kuwafutia viza. Mgeni wa matembezi anaweza kukaa hadi siku 90 kwa mwaka, wa biashara siku 30. Tofauti hiyo ni muhimu kwa watu wa kwetu huku, kwa sababu wengi hawaendi Zambia kutalii: wanakwenda kukagua mashine, kuhudhuria semina, kununua mbegu. Anayekwenda kwa kazi aseme kazi, na awe na barua ya mwaliko. Ukijiandikisha mtalii huku mkoba umejaa mikataba, unajitafutia shida ambayo haikuwepo.

Malawi nayo, Februari 2024, ilitangaza kufuta viza kwa raia wa nchi 79. Watu wengi wa Mbeya walianza kwenda ziwani wikiendi kwa sababu hiyo. Lakini usichukulie kwamba msamaha huo ungalipo kwa wote: orodha ya namna hii serikali inaiandika kwa tangazo moja na kuibadilisha kwa tangazo jingine, na Malawi inalipima suala hili pia kwa kuangalia raia wake wanatendewaje na nchi husika. Kwa hiyo wiki ya safari fungua mfumo wa viza wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji ya Malawi, weka uraia wako, usome kinachotoka. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyevuka mwaka jana, hata kama mna pasipoti ya nchi moja. Ukiingia, kawaida unapewa siku 30, na zinaweza kuongezwa ukiwa ndani.

Mkenya anayefundisha Iringa hana wasiwasi upande wowote: haombi viza Malawi wala Zambia. Mhindi au Mfilipino asome kanuni ya kila nchi mapema, na panapohitajika viza aiombe mtandaoni akiwa bado nyumbani, siyo akiwa tayari kwenye Kosta ya kwenda mpakani.

Nikiulizwa nichague, nasema hivi. Kwa mapumziko ya siku tatu au nne, nenda Malawi. Karonga ni mwendo wa kama saa moja kutoka mpakani, Mzuzu unafika siku hiyo hiyo, na ziwa unalo sehemu ya njia. Zambia kutoka Nakonde ni safari ndefu, Lusaka ni kama kilomita elfu moja, na Livingstone yenye maporomoko iko mbele zaidi. Zambia ni ya mwenye wiki mbili, au mwenye kazi huko. Anayepanga kufika Livingstone na kuvuka kwenda Zimbabwe aijue ile viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, KAZA, ya dola 50 kwa siku 30. Kwa Mwingereza au Mmarekani ambaye Zambia haimtozi tena, faida yake sasa iko upande wa Zimbabwe tu, kwa hiyo apige hesabu kabla ya kuinunua.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Kama unachotaka ni Ziwa Nyasa, Matema ipo Kyela, mchanga ni mzuri, milima ya Livingstone imesimama nyuma yako, na huhitaji mhuri wowote. Kama unachotaka ni maporomoko ya Kalambo, yenye urefu wa zaidi ya mita 200 na yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, unaweza kuyafikia kwa upande wetu, mkoani Rukwa, bila kuvuka. Kwa familia ambayo mmoja wao anasubiri kibali, hizi ndizo safari ninazopendekeza.

Vitu vingine vya mpakani ni vichache. Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa kumi na moja jioni ya kwao ni saa kumi na mbili kwetu, na anayerudi aliyechelewa chakula cha mchana Karonga anafika Kyela usiku. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, na tangu mwaka 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Anayeendesha gari lake achukue bima ya Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yake ya bima kabla ya kuondoka, pamoja na kadi ya gari. Kama gari ni la mwajiri, aongeze barua ya kuruhusiwa kulitoa nchini.

Nairobi au Kigali

Huku watu hukosea kwa kudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki inawahusu kwa kuwa wanaishi ndani yake. Inawahusu raia wa nchi wanachama. Hata ile viza ya pamoja ya kitalii ya dola 100, iliyoanza mwaka 2014, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo.

Kenya tangu Januari 2024 imeacha viza na kuweka idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo ada yake ya msingi ilianza kwa dola 30. Inaombwa mtandaoni siku kadhaa kabla ya safari, iwe unaruka kutoka Dar au unapita Namanga kwa basi. Rwanda inapokea wageni wa mataifa yote uwanjani, na ada inategemea uraia: raia wa nchi za Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola na jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa hawalipi kwa siku 30 za mwanzo, wengine wengi hulipa dola 50. Kwa hiyo muuguzi Mhindi anayefanya kazi Mbeya anaingia Kigali bure lakini Nairobi analipia, wakati Mmarekani mwenzake wa ofisi moja Kigali inamgharimu zaidi ya Nairobi. Kama mkutano wenu ni wa watu wa mataifa mengi na bado hamjachagua mji, Kigali ina usumbufu mdogo wa karatasi. Kama ni mtu mmoja, angalia bei ya ndege tu, kwa sababu tofauti ya ada humezwa na nauli.

Viza za mbali: Dar au kwenu?

Hapa ndipo kibali chako cha ukaazi kinapoanza kuwa na thamani nje ya Tanzania, na hapa ndipo naona watu wakipoteza fedha bila sababu. Mfamasia kutoka India anataka kwenda kwenye mafunzo Ujerumani. Anafikiri lazima arudi kwao kuomba, anakata tiketi mbili za ndege, anatumia likizo yake yote. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, inasema kinyume: ombi linapelekwa kwenye ubalozi unaohudumia mahali unapoishi kihalali. Anaishi Mbeya, basi anaomba Dar es Salaam, na kibali chake ndicho kinachompa haki hiyo.

Ada ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Unaweza kupeleka ombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na mimi hupanga kwa hizo 45. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na muda wake uendelee miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya. Ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa zaidi, siyo ile yenye miadi ya karibu.

Kwa mtu wa Mbeya au Njombe, gharama kubwa kuliko ada ni safari. Dar iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kama 500 kutoka Iringa. Basi la alfajiri linakufikisha jioni au usiku, unalala, unatoa alama za vidole kesho yake, unarudi. Ndege kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, inaokoa siku lakini si mfuko. Afueni ni kwamba alama za vidole za Schengen hutunzwa miezi 59 na zinaweza kutumika tena, hivyo aliyezitoa karibuni aseme hivyo kwenye fomu na aulize ubalozi kama ni lazima aje mwenyewe. Kumbuka pia kwamba pasipoti inabaki kwao mpaka uamuzi utoke. Mwenye kazi ya kuvuka Tunduma kila mwezi apange ombi lake katika mwezi asiovuka.

Uingereza ni tofauti kidogo. Fomu ni ya mtandaoni, na mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutoa alama za vidole kwenye kituo cha nchi yoyote aliyopo. Kwa hiyo hapa una uhuru wa kuchagua kweli: anayepita kwao kusalimia wazazi kabla ya London anaweza kuombea huko. Ada ya viza ya matembezi ya miezi sita iliwekwa pauni 127 Aprili 2025, na ombi linapokelewa kuanzia miezi mitatu kabla. Kwa Mjerumani, Mtaliano au Mmarekani wa huku, ambaye hahitaji viza, tangu mwaka 2025 ipo idhini ya mtandaoni ambayo anaipata akiwa kwake Mafinga bila kwenda Dar.

Marekani imebana. Ada ya viza ya matembezi ni dola 185, na tangu Septemba 2025 waombaji wanatakiwa kufanya usaili katika nchi ya uraia wao au nchi wanamoishi. Zamani watu walikimbilia nchi ya tatu yenye foleni fupi. Sasa aliye na kibali cha Tanzania ana chaguo mbili, Dar au kwao, na lazima aonyeshe ukaazi wake kwa hati.

Kati ya Dar na kwenu, mimi natumia kipimo kimoja: muda uliobaki kwenye kibali. Ukiwa na miezi sita au zaidi baada ya tarehe ya kurudi, omba Dar. Afisa wa viza anataka kuamini kwamba utaondoka nchini kwao, na hakuna ushahidi mzuri kuliko mkataba wa kazi unaoendelea, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na jina la atakayeshika nafasi yako, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi, na kibali kinachokungoja. Ukiwa na miezi miwili tu, karatasi hizo hizo zinasema mkataba unakwisha na haijulikani utakuwa wapi. Huisha kibali kwanza. Kama safari haiwezi kusubiri na nchi husika inakuruhusu kuomba kwenu, ombea kwenu, ambako nyumba na familia vitasimama badala ya mkataba.

Ndugu zetu wenye pasipoti zisizohitaji viza Ulaya, kama Waingereza na Wamarekani, wajue kwamba tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso pale pale badala ya mhuri. Haihitaji kuomba mapema, ila muda wa kuunganisha ndege uwe mrefu kidogo.

Nyumba yenye pasipoti mbili

Familia za mchanganyiko ni nyingi hapa, na ndizo zinazonihangaisha moyo zaidi, kwa sababu mlango unaomfungukia mmoja unamfungia mwingine. Mama Mtanzania na baba Mjerumani wakienda Lusaka, wote wanapita bila viza. Wakienda Nairobi, mama anaingia kwa uraia wake wa Afrika Mashariki na baba analipia idhini. Wakienda Ulaya mambo yanageuka: baba anapita tu, mama anaomba viza. Lakini wengi hawajui kwamba wakienda pamoja nchi ya Umoja wa Ulaya isiyo ya baba, tuseme Ufaransa, sheria ya Umoja huo inataka mke wa raia apewe viza bila ada na kwa utaratibu wa haraka. Cheti cha ndoa kitafsiriwe mapema, na kwenye fomu mjaze sehemu ya mwanafamilia wa raia wa Ulaya. Nimeona watu wakilipa kwa sababu hawakujaza.

Mtoto asafiri na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na kama anasafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya mwingine iliyothibitishwa na wakili. Mpakani inaweza isiulizwe. Ikiulizwa na huna, hakuna maneno yatakayokusaidia.

Anayetaka kuwa Ulaya sikukuu za Krismasi, dirisha la kuomba linafunguka Juni. Mtu wa Mbeya apange kwenda Dar Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, akiwa ameshaangalia tarehe ya mwisho ya kibali chake Agosti, ili kama kinahitaji kuhuishwa Uhamiaji wapate muda wao kabla ya pasipoti kuingia ubalozini.